Maji Hayakutoka Mtoni

Baba Salma,

Huna haya wewe. Tangu uondoke hujanijia hata ndotoni, na kila mtu unamwendea ila mimi. Salma kakuota mara mbili. Mara moja unakula embe, mara moja unamgombeza kwa kuendesha gari mbio. Bibi Surinder wa nyumba ya pili, si ndugu yako wala si dini yako, naye kaniambia kakuona usingizini umekaa kwenye baraza yako na kikombe mkononi, kakusalimu ukaitikia. Mimi niliyekufulia kanzu umri mzima, nikakukanda miguu, nikakufumba macho kwa mkono wangu, hunipi hata dakika. Nimelala na udhu, nimelala upande wako wa kitanda, wapi. Nikasema basi, huyu mwanamume analijua alilolitenda, ananikwepa.

Maana unalo la kujibu. Lakini usiogope, sikukalia kukugombeza tu. Nimetua mzigo, Baba Salma, na sina wa kumwambia akaelewa ulivyokuwa mzito ila wewe. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza chuoni, zile nilizokuwa nakuandikia ulipotangulia huku Uingereza ukaniacha Unguja na mtoto mgongoni. Shule sikwenda, unajua, lakini barua zangu ulizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo, ulisema mwenyewe. Basi soma na hii.

Nianze na mvua.

Ulituacha joto ndiyo kwanza linaanza, nikaingia eda. Nimekaa ndani kama ipasavyo, sitoki, sijipambi, watu wanakuja wanasoma wanaondoka. Siku moja baada ya adhuhuri mbingu ikafunga. Nikadhani ni ile mvua ya Birmingham ninayoijua, ya kunyunyiza kama mtu anataka kupiga pasi. Kumbe ilikuwa masika. Ikamwagika kwa ndoo. Nilikuwa jikoni naosha mchele, nikasikia choo cha chini kinakoroma kama mtu aliyelala chali. Nikaenda kutazama. Kurudi ukumbini, maji yanaingia chini ya mlango wa mbele, taratibu, bila hodi, rangi ya chai ya maziwa.

Unajua yalipita wapi? Yalishuka na barabara kutoka kule juu, yakafika kwetu, yakakuta ile sakafu yako. Hukutaka kuona udongo mbele ya nyumba. Uling'oa majani yote na lile waridi la wenye nyumba wa kwanza, ukamwaga saruji kutoka ukutani mpaka njiani, ukailainisha kwa magoti yako mpaka ikawa kama ya msikitini. Mwanamke wa kwetu haachi mbele ya nyumba yake vumbi, ulisema, nami nikaifagia kila asubuhi kwa furaha, na mtaa mzima wakatuiga. Na uliitia mteremko kidogo, ati maji ya kuoshea yaende. Yaende wapi, mume wangu? Mteremko ulielekea mlangoni.

Niliokoa msahafu, picha yako, na lile dele lako la kahawa. Makochi yalinishinda. Nikakaa katikati ya ngazi natazama zulia linapanda na kushuka kama kifua cha mtu.

Salma akatoka kwao Castle Vale mbio, gari ikakwama njiani, akaja kwa miguu na maji magotini. Akasema Mama, toka. Nikamwambia niko eda, na mume wangu kafia nyumba hii, sitoki. Akapiga kelele kwa Kiingereza. Mwanao akikasirika Kiswahili humkimbia. Akampigia shekhe simu palepale, shekhe akasema mjane anaruhusiwa kutoka ikiwa kuna hatari. Nikamwambia shekhe hatari iko chini, mimi niko juu. Nikasikia anacheka, kisha akajizuia.

Basi nikaimalizia eda yangu chumba cha juu, na birika la umeme na mswala. Bibi Surinder akawa ananipitishia chakula dirishani, chapati na dengu kutoka hekalu lao Makalasinga, ndoo imefungwa kwenye kijiti cha ufagio, anainyoosha kutoka dirisha lake mpaka langu, na huku anapiga makelele ya Kipunjabi kwamba nikiangusha ndoo yake tutagombana. Nami namjibu kwa Kihindi changu cha sinema, ambacho chote ni maneno ya mapenzi. Ndiyo kicheko changu cha mwanzo tangu uondoke, Baba Salma. Nilicheka na maji yako chini ya nyumba.

Lakini yalipoondoka sikucheka. Harufu ile sitaki kukuandikia. Kuta zilinyonya maji zikawa zinajitapika plasta. Wakaja watu na mashine za kukausha, zikanguruma usiku na mchana kama tunafuga simba. Makochi, friji, cherehani yangu, makabati, vyote barazani vikingoja gari la takataka. Na bima hatukuwa nayo.

Hapo ndipo pa kukugombeza. Nilikwambia. Salma alikwambia. Wewe jibu lako lilikuwa moja: "Mungu ndiye bima yangu." Nikakuuliza kwa nini basi kila ukilala unafunga kitasa, unatia komeo, kisha unarudi kujaribu mlango. Ukasema mwanamke wewe una ulimi. Ninao, na bado ninao. Jibu lako la pili ndilo lililonitia ujinga hata mimi. Ulisema: "Mto uko bondeni, sisi tuko juu. Maji yatupate kwa miguu gani?"

Sisi, Baba Salma. Sisi watoto wa Ng'ambo ya Unguja, tuliolala juu ya meza kila masika. Nani alikuwa na mto kule? Maji tuliyajua tangu tunatambaa: yanatoka juu, yanatafuta pa chini, yakikosa pa kwenda yanaingia ndani. Mama yangu alikuwa akiona wingu anainua mkeka kabla hajaambiwa. Tukaja huku tukasikia kuna mito, tukaogopa mito, tukanunua nyumba mbali na mto tukajiona wajanja. Tukasahau mvua. Kosa hilo Mwingereza halifanyi, maana yeye hakuwa na la kusahau.

Watoto walijinyima, wanawake wa upatu wakachanga, nyumba ikatiwa plasta upya. Lakini Salma alikwisha kata shauri. Alinikalisha jikoni kwenye kiti cha plastiki, akazungumza polepole, na Salma akizungumza polepole ujue hana masihara. Akasema nyumba hii maji yamekwisha kuijua njia yake. Akasema nyumba iliyowahi kuingia maji hakuna kampuni ya bima itakayoigusa, na yeye hawezi kila wingu likifunga awe anatetemeka kazini. Akataka niiuze, niende kwao, kile chumba cha nyuma chenye mashine ya kukimbilia ambayo hakuna anayeikimbilia.

Sikumkasirikia. Anaogopa, na mimi ndiye niliyemzaa mwoga. Lakini nyumba hii, Baba Salma. Kazi yako ya kiwandani na cherehani yangu ndivyo vilivyoinunua. Ukutani mlangoni kuna alama za urefu wa watoto. Na mbele kuna baraza yako, uliyoijenga katika baridi hii watu wakipita wanatucheka, kisha mmoja akakaa, na wa pili, mpaka Bwana Desmond wa kona, yule fundi Mjamaika, akawa hendi kazini bila kahawa yako. Nikienda Castle Vale nitakaa na nani? Na mashine?

Basi tukapeana ahadi, mimi na mwanao. Nikipata bima inayolipa mafuriko kabla baridi haijaingia, nabaki, na mambo ya kuhama hayatajwi tena. Nisipoipata, nyumba inauzwa. Nikampa mkono.

Haikupita muda, Salma mwenyewe akaja na bima kaitafuta kwenye simu, bei poa. Mtoto ana moyo, Mungu amweke. Mimi nikafurahi nikapika pilau. Nikaichukua ile karatasi mpaka kwenye kikao chetu cha upatu nikatambie. Kuna mwanachama mpya, Furaha, mwanamke wa Kikongo, kazi yake iko kwa wakala wa bima huko mjini. Akaipokea, akaisoma yote, akaisoma tena. Akaniambia kwa kile Kiswahili chao: "Mama Salma, hii karatasi iko muzuri kwa moto, na kwa mwizi. Kwa mafuriko, hapana. Wameyatoa."

Wameyatoa. Bima ya mafuriko isiyo na mafuriko. Ni kama kukuuzia mwavuli wa kufungulia ndani ya kabati. Nikakaa pale katikati ya wanawake na ushungi wangu mzuri, nikaiona nyumba inaondoka.

Furaha akasogeza kiti. Akaniuliza nyumba ni ya lini. Nikamwambia ya zamani, ya Malkia yule mnene wa kwenye sarafu kongwe, madirisha yanapiga kelele na ngazi ina pumu. Akapiga makofi. Akasema uzee ule ndio unaonisaidia. Ndiyo mara ya kwanza nchi hii uzee kunifaa, nikamwambia, sikieni nyinyi.

Akanieleza, na nikamwelewa, kwa sababu hakuniambia kama wanavyoniambia wengine, kwa sauti kubwa kana kwamba ujinga ni uziwi. Makampuni ya bima yamefanya shirika na serikali. Kuna mfuko mmoja. Kampuni ikikatia bima nyumba ya kuishi kama yangu, ule mzigo wa mafuriko inausukuma kwenye mfuko, ndiyo bei isipae ikamshinda mwenye nyumba. Nyumba mpya mpya hazimo, maana hawataki watu waendelee kujenga pa kuzama. Na si kila kampuni imo, ndiyo maana lazima uulize, na uulize kwa jina: mafuriko yamo au hayamo? Yamo kwa nyumba yenyewe, na kwa vitu vya ndani? Yakija, mwanzo natoa mimi kiasi gani kabla hawajatoa wao? Nilirudia maswali hayo kama ninavyorudia sura, mpaka nikayahifadhi.

Kisha akanionyesha ramani kwenye simu. Wanayo serikali, ya bure, unatia namba za posta tu. Kuna ramani ya mito, na mtaa wetu ni mweupe kabisa, ulikuwa sawa wewe. Akagusa ikaja ramani ya pili, ya maji ya mvua. Barabara yetu yote ikawa buluu kutoka juu mpaka chini, kama mtu kamwaga wino. Akasema mara nyingi ni kijito cha kale kilichofukiwa, watu wakajenga juu, lakini maji hayakusahau njia yake. Nikaitazama ile buluu nikaona haya. Ilikuwa wazi muda wote ule, na sisi tunafagia sakafu.

Tulipofika kwenye maswali ya kampuni, mwenzetu mmoja wa upatu, sitamtaja, utamjua, akanipiga kiwiko. Akasema wakikuuliza kama maji yamewahi kuingia, sema hayajaingia, nani atakwenda kuwaambia. Furaha akamjibu bila kumtazama: "Mama, ukidanganya leo wanacheka na wewe. Siku ya maji watakuacha." Nikasema andika kweli. Andika yaliingia, andika yalifika wapi ukutani, andika na sakafu ya marehemu. Mimi siwezi kuwa na uwongo unaonisubiri ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Najua unataka kuuliza la dini. Nilikwenda kwa shekhe, yule yule wa simu. Akanieleza kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana, akanipa ya hawa na ya wale, na mwisho akasema hakuna aliyekataza mtu kumfunga ngamia wake kisha akamtegemea Mungu. Nami nilikuwa na langu. Wanawake wa upatu tunatia kila mwezi, mmoja anapokea, hakuna aliyesema tumeacha kumtegemea Mungu. Bima ni upatu wa watu wasiojuana, Baba Salma. Tofauti yake ni moja tu: kwenye upatu wetu kila mtu anaomba zamu yake ifike, na huu unaomba zamu yako isifike milele. Nimetia changu, na namuomba Mungu wapate wengine hela zangu, nisizione tena. Kama hiyo si sadaka basi sijui sadaka ni nini. Ungekuwa hai ungenibishia. Ungenibishia mpaka isha, kisha kesho yake ungekwenda kuwaambia wenzio barazani kuwa umelifikiri mwenyewe.

Furaha aliuliza makampuni matatu. La kwanza likakataa. La pili likataka bei ya kununulia nyumba nyingine. La tatu likanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko eda. Majani yakaanza kupukutika. Salma akawa anakuja na makaratasi ya watu wa kuuza nyumba, anayaweka mezani, nami nayatia chini ya sufuria ya moto.

Na wakati nangoja nikamwita Bwana Desmond. Nikamwambia hii sakafu aivunje yote, na baraza aivunje, ardhi ipate kunywa. Nilisema kavu kavu hivyo, kama mtu anaagiza vitunguu. Maana nilikuwa nimekwisha kulia jana yake. Akaja na nyundo yake kubwa akasimama pale, yule bonge la mtu, akaiweka nyundo chini. Akasema sakafu ataivunja, lakini baraza ile, kiti cha Mzee, hakigusi, nimtafute fundi mwingine asiyewahi kunywa kahawa hapo. Nikamwambia nyumba itazama kwa ajili ya kiti. Akasema kiti hakina kosa, kosa ni kuziba. Kimezuia yale matundu ya ukutani ambayo nyumba hupumulia. Akaitoboa baraza yako kwa chini, akaacha nafasi ukuta upumue, na matundu yenyewe akayatia vifuniko vya kufunga siku ya maji. Sakafu yote akaiondoa, akatia kokoto, na Bibi Surinder akaleta mche wa waridi. Chooni akaweka kitu cha kuzuia maji machafu yasirudi. Na mlangoni akanitengenezea ubao, unaingia kwenye njia zake mbili za chuma, chap, maji yanabaki nje. Hakukubali nimlipe kazi ya baraza. Nikampikia biriani, akala mpaka akafungua mkanda.

Kisha Furaha akapiga simu. Nilikuwa nachambua mchele. Akasema, "Mama Salma, wamekubali. Mafuriko iko ndani. Nyumba na vitu, vyote." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena kwa Kifaransa, nisikie linavyolia. Akacheka, akarudia kwa Kifaransa. Nikakaa chini, si kitini, chini kabisa, juu ya sakafu mpya ya jikoni, nikalia kama mtoto aliyeonekana baada ya kupotea.

Salma alikuja akaisoma karatasi mstari kwa mstari, kakunja uso kama wewe. Alipofika neno la mafuriko akaliwekea kidole, akakibakisha hapo. Yale makaratasi ya watu wa kuuza nyumba akayatoa mwenyewe chini ya sufuria, akayachana. Akasema kwa Kiswahili, Mama, nilikuwa naogopa kukuzika na wewe. Nikamwambia mimi nitakufa, lakini si kwa maji. Akalala hapa siku hiyo, kitanda kimoja na mimi, akapiga mateke kama alivyokuwa mdogo.

Na juzi mvua imenyesha, Baba Salma. Ile kubwa. Kabla yake simu ililia; niliandikishwa, wakiona hatari wanakupigia, mwanamke wa mashine anasema kwa Kiingereza kirefu. Sikumwelewa yote ila nilimshukuru. Nikafunga vile vifuniko, nikatia ubao, nikapandisha msahafu, nikampigia Bibi Surinder ukutani naye akatia ubao wake, maana Bwana Desmond kamtengenezea na yeye. Kisha nikamimina kahawa nikakaa pale pale katikati ya ngazi. Maji yakashuka na barabara, yakafika getini, yakaingia kwenye kokoto. Nikayasikia yananywewa. Yakaja tena, yakanywewa. Ubao haukulowa hata nusu. Baada ya alasiri jua likatoka, lile waridi limesimama limeoga.

Nikalala usingizi ambao sikuulala tangu ufe. Sikukuota. Lakini nililala.

Basi Mungu akulaze pema, baba wa wanangu, akupe nuru na nafasi huko uliko, na kusiwe na saruji. Nakuahidi bima hii haitakatika nikiwa na pumzi. Kila mwaka kabla haijaisha nitamwita Furaha, nimuulize lile swali, yamo au hayamo. Na baraza yako haitavunjwa. Bwana Desmond anakaa hapo kila asubuhi, kahawa yangu anasema si kama yako, nami namwambia anywe anyamaze.

Sasa hasira zimekwisha, huna tena cha kunikwepea. Ukija, usinyemelee mlango wa nyuma kama mwizi. Pita mbele, kanyaga kokoto, kaa kwenye baraza kwanza mpaka miguu ikauke. Ukikuta ubao mlangoni usiuondoe. Uvuke, ninyooshee mkono, nitakushika.